Mkono Wangu wa Kushoto Nyumbani kwa Mama Mkwe

Nilipowaambia watu wa Kitale kwamba narekodi albamu ya jazi na mama mkwe wangu, waliuliza swali moja tu: mtakaa vyumba vipi? Jazi ni nini, hakuna aliyejisumbua kuuliza. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawaketi chumba kimoja wala hawali pamoja, na kupeana mikono ni kosa ambalo hata mlevi hukumbuka kuliepuka. Nimeoa miaka kumi na mmoja na mama mkwe wangu namjua zaidi kwa mgongo. Nikitokea kwao Kamukuywa, yeye huwa ameshageukia jikoni.

Lakini mama huyo anapiga gitaa la besi. Kijana aliyekuwa akilipiga kanisani kwao alihama akaliacha, na yeye, aliyekuwa anashika ufunguo wa stoo, hakuvumilia kuona mali ya kanisa ikilala bure. Alijifunza peke yake katikati ya viti vya plastiki na masufuria ya harusi. Nilipokwenda kuposa, tayari alikuwa anawashinda wanaume wote niliowahi kuwasikia kutoka Endebess hadi Bungoma mjini. Nasema hivyo bila kujipendekeza kwa wakwe, maana mke ninaye tayari.

Mwaka jana ugonjwa wa sukari ulianza kumharibia vidole. Mkono wa kushoto hufa ganzi, hurudi, hufa tena, na daktari alishamwambia ajiandae kuliweka gitaa chini. Mama akampigia mke wangu simu.

"Mwambie bwana yako ile kelele anataka kurekodi, mimi ndio nitapiga besi. Nataka nisikike mara moja tu kabla hivi vidole vikatae kabisa."

Basi albamu niliyoiota miaka yote kwa ajili ya sifa zangu ikageuka kuwa yake. Nilinuna siku mbili, kisha nikakubali.

Studio tuliyopata iko Bungoma mjini, nyuma ya duka la misumari na rangi. Zamani ilikuwa nyumba ya kuku. Prodyusa amebandika trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, na jua likichoma mabati unakumbushwa vizuri ni akina nani walitangulia kupanga hapo. Kuna vyumba viwili na dirisha la kioo katikati. Mama alikaa chumba kidogo pamoja na prodyusa na mashine zake. Mimi na kinanda changu tulikuwa chumba kikubwa na mpiga ngoma, rafiki yangu mfugaji wa Endebess. Kabla sijachomeka waya, leso ya mama ilikuwa imeshaning'inizwa dirishani.

"Hii dirisha ni ya kuonana, bana," prodyusa alilalamika ndani ya hedifoni. "Sasa mtajua aje mahali ya kumaliza?"

"Wewe rekodi," sauti ya mama ikamjibu. "Kumaliza tutamaliza."

Mfugaji ndiye aliyetuokoa. Yeye si mkwe wa mtu pale, kwa hiyo aliisogeza leso kidogo upande wake, akawa anamwona mama na mimi ananiona, anatutikisia kichwa kwa zamu. Alikuwa na sharti moja: ikifika saa nane anaondoka, kwa sababu ng'ombe wake hawakubali kukamuliwa na mtu mwingine. Hatukubishana naye. Baada ya saa nane mvua huteremka kutoka mlimani ikapiga mabati, na hapo huwezi kurekodi kitu kingine isipokuwa mvua.

Wimbo wa kwanza haukufika dakika moja. Besi ilinyamaza, nikasikia mama akisema, "Mwambie bwana ya mtoto wangu mkono wake wa kushoto uko kwa nyumba yangu."

Nilikuwa nimesikia kila neno. Hata hivyo mfugaji alivua hedifoni, akanigeukia kwa heshima zote, akanirudishia ujumbe mzima, na mimi nikamwomba anipelekee samahani. Ndivyo inavyotakiwa.

Sisi wapiga vinanda wa kanisa tumezoea kupiga bila mtu wa besi, kwa hiyo mkono wa kushoto hushuka chini kufanya kazi yake. Sasa wangu ulikuwa umeshukia noti za mama. Nilipata aibu ya kweli. Miaka kumi na mmoja nakwepa hata kivuli chake, halafu naingia kwake bila hodi. Kuanzia hapo niliukalia mkono ule. Niliuweka chini ya paja nikauzuia na uzito wangu, nikapiga kwa mkono mmoja.

Katika siku mbili tulirekodi nyimbo tano. Prodyusa, aliyezoea kwaya, aliuliza kila mara watu watapiga makofi wapi. Wimbo wa tatu una sehemu yangu ya kujitapa ambayo niliifanyia mazoezi miezi minne. Nilipoimaliza, ujumbe ulikuja kupitia kwa mfugaji: "Mama anasema upunguze maneno." Niliyapunguza, na wimbo ukawa mzuri zaidi, jambo lililoniudhi mpaka jioni.

Wimbo wa mwisho ni wa polepole. Ilikuwa imebaki nusu saa, mawingu yameshajaa, na mfugaji anatazama saa. Tulikuwa katikati besi ilipokatika. Niliona uso wa mfugaji ukibadilika, nikajua vidole vimekataa. Hakuacha kupiga ngoma. Kwenye hedifoni nilisikia mkono wa mama ukisugua nyuzi bila kutoa noti.

Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya posa. Kisha niliutoa mkono wa kushoto chini ya paja, nikashuka mpaka pale alipokuwa, nikapiga noti zake kama alivyokuwa akizipiga, taratibu, bila kuongeza yangu hata moja. Tulizunguka wimbo mara mbili hivyo. Halafu uzi mmoja ukalia, na wa pili, na mama akawa amerudi. Nikaondoka kwenye noti zake, nikaukalia mkono wangu tena.

Tulimaliza pamoja, na matone ya kwanza yakagonga bati.

"Hapo katikati nitasafisha," prodyusa alisema. "Naweka besi ya kompyuta, hakuna mtu atajua."

"Usiguse hapo," mama alisema.

Mwezi uliofuata tulikwenda Kamukuywa kuwasalimu. Mama aligeukia jikoni kama kawaida, na chai ililetwa sebuleni na mke wangu. Kupitia ukutani nilisikia simu ya mama ikicheza ule wimbo wa polepole. Ulifika katikati, ukarudishwa, ukafika tena.

"Hapa ndio vidole ilikataa," alikuwa akimwambia jirani yake. "Sasa sikiliza. Huyu anapiga saa hii ni mtoto wangu."

"Lakini mimi naskia tu ni wewe unapiga," jirani akasema.

"Si ndio nakwambia," mama akajibu, akaurudisha tena.