Plasta Ubavuni mwa Kompyuta

Mdogo wangu ana kifafa tangu utotoni. Mkono wake wa kushoto una kovu la siku alipoangukia mekoni, na tangu hapo hapiki peke yake. Akipata vidonge vyake hukaa miezi bila kuanguka. Akivikosa, nyumba nzima hatuna amani. Kwa hiyo watu wakianza habari za serikali na mitandao, mimi najiuliza swali moja tu: vidonge vya mdogo wangu vitatoka wapi?

Zamani vilitoka zahanati ya kijijini kwetu, mwendo wa kutembea. Halafu likaja tangazo kwamba huduma za afya zimepangwa upya. Kadi za karatasi zikakusanywa, wagonjwa wa dawa za kila mwezi wakaingizwa kwenye mfumo, tukaambiwa hakuna kidonge kitakachotoka tena bila mfumo kuruhusu. Mimi ni mwalimu mstaafu na nimo kwenye kamati ya zahanati, hivyo niliitwa kuupokea mpango. Kuupokea, si kuujadili. Tulipewa soda na karanga, tukapiga makofi.

Kompyuta ilikuwa moja, na neno la siri la kuifungulia lilikuwa moja pia, limeandikwa kwenye plasta ya vidonda na kubandikwa ubavuni mwake. Mtu wa mbali atacheka, lakini hajui wauguzi wetu wanavyohamishwa. Anayeondoka humkabidhi anayeingia funguo, friji ya chanjo na neno la siri. Kulibadilisha kungekuwa uchoyo, maana ukihamishwa ghafla, wenzako watabaki wanatazamana na kioo cheusi huku baraza imejaa wagonjwa.

Nesi wetu, binti wa watu wa Ruangwa, alilikuta hivyo hivyo. Kila msimamizi alipokuja, nesi alimwomba kwamba kila mtumishi apewe neno lake mwenyewe, na kila mara aliambiwa asubiri mafunzo. Ndiye aliyekuwa akipita nyumbani jioni kumuuliza mdogo wangu ameshindaje. Sijawahi kumwona mtumishi mwingine akifanya hivyo, na nimezeeka.

Siku moja tukasikia mfumo umevamiwa. Watu wasiojulikana wameingia kupitia mtandao, wamezifunga taarifa za wagonjwa, na mlango waliopitia, tukaambiwa, ni kompyuta yetu. Ikatiwa kwenye boksi, ikaondoka. Ikawa lazima vidonge tuvifuate Nachingwea mjini. Mgonjwa wa kifafa huwezi kumpakia bodaboda peke yake, kwa hiyo tulipanda mishikaki: dereva mbele, mdogo wangu katikati, mimi nyuma nimemfunga kwa khanga kiunoni mwangu. Njia nzima nilikuwa nasikiliza mwili wake. Tulifika tukiwa wekundu kwa vumbi, tukapanga foleni, na wakati mwingine tukaambiwa turudi wiki ijayo, mfumo umegoma. Nilichoka kiasi kwamba hata kukasirika niliona kazi.

Ndipo wakubwa wakaja kukutana na kamati. Kiongozi wao alikuwa yule yule bwana aliyetuzindulia kompyuta. Siku ya uzinduzi alipiga picha ameiwekea mkono begani kama mtoto aliyefaulu darasa la saba, na picha ile ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya kata nzima. Mimi mwenyewe ninayo kwenye simu. Plasta inaonekana, na maandishi yake yanasomeka. Sisemi picha hiyo ndiyo iliyowaleta wavamizi, maana sijui. Ila ilistahili kuulizwa.

Basi nikauliza. Lakini mnajua mikutano yetu ilivyo: maswali hukusanywa kwanza, yajibiwe kwa pamoja. Langu liliingia chunguni na la kisima, la choo cha wajawazito na la posho za wahudumu. Bwana yule akajibu la kisima kwa kirefu. Langu akasema limechukuliwa. Hadi leo sijui limepelekwa wapi.

Kisha akafikia kilichomleta. Kamati ikubali kwamba nesi alizembea kutunza nywila, yaani lile neno la siri, ili suala lifungwe na kompyuta irudishwe. Wanaokubali wanyooshe mikono. Nesi alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango, amevaa sare iliyopigwa pasi, anaangalia viatu vyake. Niliona waziwazi kwamba anaangushiwa jumba bovu.

Mjumbe mmoja, mfugaji aliyehamia na familia yake kutoka Kanda ya Ziwa, akaomba kusema. Watu wakaguna, maana mifugo yao na mashamba yetu ni ugomvi wa kila msimu.

"Mimi ng'ombe zangu zikila shamba la mtu, naitwa mimi," alisema. "Haitwi ng'ombe. Haitwi hata mtoto anayechunga. Sasa hii kompyuta, mwenyewe ni nani?"

Akashukuriwa kwa mchango mzuri. Mikono ikaanza kunyanyuka, mmoja mmoja, na siwalaumu. Mmoja ana mama wa kisukari, mwingine mke wa presha. Mimi niliwaza ile khanga na ule mwendo wa mjini, na naapa mkono ulitaka kwenda juu wenyewe. Nikaukalia. Mfugaji naye hakunyoosha. Tukahesabiwa kuwa wachache, na likapita.

Nesi akasimamishwa kazi. Kompyuta ikarudi, ikaja na muuguzi mpya, na mwezi uliofuata mdogo wangu alichukua vidonge vyake pale pale kwetu. Nilikataa, na bado nikala matunda ya uamuzi ule. Sikupata usingizi mzuri kwa hilo, ingawa mdogo wangu alilala vizuri.

Msimu wa korosho nilikwenda Ruangwa kwenye msiba, na asubuhi nikapita sokoni. Nikamkuta yule binti amekaa nyuma ya fungu la nyanya la mama yake. Anasubiri kuitwa ajieleze, akaniambia, na hajaitwa. Amekonda. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, hata maneno ya kujitetea nilikuwa nayo, kwamba mimi sikunyoosha mkono. Hakuniuliza habari za mkono.

"Shikamoo mwalimu. Mdogo wako dawa anapata?"

"Marahaba. Anapata, mwanangu."

"Mjini au pale pale kwetu?"

"Pale pale kwetu."

Akacheka kwa furaha, akafumba macho kidogo. "Alhamdulillahi," alisema. "Nilikuwa namwaza kwa ile safari ya pikipiki." Akachagua nyanya nzurinzuri, akanifungia nimpelekee mgonjwa, na pesa yangu akakataa kuipokea.