Meno Yasiyosikia Buni

Kwa miaka kumi na moja chama cha wakulima wa kahawa pale Bwera kilikuwa na mizani moja, daftari moja na meno mawili. Mizani ilikuwa kuukuu, inapima inavyojisikia asubuhi hiyo. Daftari lilikuwa la katibu Yonasani, na tuliache hapo hapo. Meno yalikuwa ya Kosmasi, na hayo ndiyo watu waliyoyaamini.

Kazi yake ilikuwa kung'ata. Mkulima anatua gunia, Kosmasi anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa punje moja ya chini kabisa, anaimenya ganda, anaiweka kati ya meno ya mbele na kufumba macho kama padri anayetaka kubariki. Buni kavu hulirudisha jino: *ka!* Buni mbichi hulipokea kama mshumaa. Lakini huko milimani, mvua inapokataa kuondoka, watu hukausha kahawa juu ya moto wa jikoni, na hiyo ndiyo buni yenye ujanja: ganda gumu kama mfupa, moyo bado una maji. Jino linagonga, halafu linazama kidogo sana, unene wa unyoya. Unyoya huo Kosmasi aliusikia kwenye mzizi wa jino. Hakuna mwingine aliyeusikia. Akisema "Kavu," umeuza. Akisema "Rudisha," unabeba gunia lako unapanda nalo mlima, na hubishi, kwa maana hata shemeji yake alishawahi kurudishwa.

Mwaka wa sabini na moja, msimu ukielekea kwisha, lori la chama lilikataa kuwaka. Dereva aliingiza hendeli ya kuwashia injini mbele, akazungusha, lori likakohoa tu. Kosmasi, ambaye hakuna aliyemwita, akasema, "Toka hapo, unazungusha kama unakoroga uji." Akainama, akazungusha. Lori likawaka. Hendeli ikarudi kinyume kwa nguvu zote za injini, ikamkuta mdomoni.

Meno yote mawili ya juu yalitoka pamoja na mizizi. Watu waliyatafuta kwenye vumbi kwa heshima kubwa, kama wanatafuta pete ya askofu.

Alijaribu magego. Magego yanasaga tu, hayaulizi. Kwake kavu na mbichi zote zilikuwa unga. Alijaribu meno ya chini na ufizi wa juu, akapata damu. Msimu ukaisha akiwa bado anajaribu.

"Mzee Kosmasi," Yonasani alimwambia mlangoni mwa ghala, bila kumwangalia usoni, "chama inanunua kahawa, hainunui huruma. Mwezi wa tisa tunafungua. Ukikuja na meno, kiti ni yako. Ukikuja hivi, Ezironi anakaa."

Ezironi alikuwa mpakiaji wa magunia, mtu mzima wa miaka thelathini, na meno yake yalijaa kinywa kama watu wa misa ya Pasaka. Tangu siku ya hendeli alikuwa akiyapiga mswaki hadharani.

Kosmasi alirudi nyumbani akakaa. Hakula. Mkewe, Kabugho, alimpondea ndizi kama za mtoto mchanga, akazisukuma pembeni. Si kwamba wangelala njaa, shamba lilikuwepo. Lakini nje ya kile kiti Kosmasi hakujua yeye ni nani. Watu walikuwa wameanza kumsalimia kwa upole, na mtu wa milimani akianza kukusalimia kwa upole, jua amekwisha kukuzika.

"Baba Elise," Kabugho akasema, "Rukoki kuna Mukongo anayepanda meno."

"Anapanda nini?"

"Meno. Kama mihogo. Nimesikia sokoni."

Mukongo huyo aliitwa Hilaire. Alikuwa amevuka mpaka mwaka wa sitini na nne, wakati wa vita vya kwao, akiwa na mke, mkoba mmoja na boksi la sindano za kupandia meno. Kule Butembo alimtumikia daktari wa meno Mbelgiji kwa miaka mingi. Mbelgiji alikimbilia kwao, sindano zikakimbilia Rukoki. Alipokea watu katika chumba cha nyuma ya duka la nguo.

"Beko watu banatengeneza meno ya kuvaa na kuvua, kama kofia," Hilaire alisema akimchungulia kinywani. "Miye hapana. Miye napanda. Muzee, hii mufupa yako ni ya muzuri sana. Mufupa ya ngombe!"

"Nitaweza kung'ata kitu kigumu?"

"Misumari, kama unapenda! Haitaoza. Haitasikia baridi, haitasikia moto. Ugonge yayo na nyundo, haitasikia kitu hata kidogo!"

Kosmasi alifurahi karibu amkumbatie. Mtu aliyekwisha kuumwa jino akiambiwa kuna jino lisilosikia kitu, hasimami kuuliza swali la pili. Alimwachia baiskeli yake na mbuzi wawili, akakaa kwenye benchi.

Kila jino lilidai sindano tatu nyembamba za madini ya kijivu, zikapigwa ndani ya taya moja moja, zimetanuka kama miguu ya kigoda. Mahali pa kukalia Hilaire akabandika jino jeupe la kauri. Dawa ya ganzi ilitosha jino la kwanza. La pili Kosmasi alilipokea kavu kavu, ameshika benchi, na Marie-Louise, mke wa Hilaire, alipaza sauti ya wimbo wa kanisa ili wateja wa duka la nguo wasikimbie.

Alivimba wiki tatu akawa kama mtu aliyemeza chungu. Aliambiwa asing'ate kitu kigumu kwa miezi mitatu, na hakung'ata. Alikunywa uji, akaomba Mungu, akahesabu wiki. Miezi ilipotimia, Kabugho alimchomea hindi. Alilitafuna mpaka kigunzi. Majirani wakapiga makofi. Naye alilia, mzee mzima, na hindi mkononi. Buni ya kujaribia haikuwepo. Yote ilikuwa imeuzwa, ile mpya bado inaning'inia mitini. Na hata ingekuwepo, nani angefikiri? Jino ni jino.

Mwezi wa tisa alikaa kwenye kiti chake. Alicheka na kila mtu bila sababu ili yaonekane. Ezironi alifunga mdomo.

Wa kwanza alikuwa Naome, mjane kutoka Munkunyu, na gunia moja. "Baba, wewe angalia vizuri," alisema. "Mvua ilinisumbua."

Kosmasi akazamisha mkono, akamenya, akafumba macho, akang'ata.

Hakuna.

Punje ilipasuka, hilo alilisikia kwa masikio. Lakini kwenye taya hapakuja habari yoyote. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Akachukua punje ya pili, ya tatu. Meno yalifanya kazi safi, yalikata kama mkasi, na hayakumwambia lolote. Foleni ilikuwa imefika barabarani, na Ezironi amesimama kwenye mizani, anaangalia.

"Kavu," Kosmasi akasema.

Naome alimtazama kidogo zaidi ya ilivyostahili. Halafu akaenda kwenye mizani.

Baada ya hapo alikuwa mtu anayeteleza kwenye utelezi wa mlima, kila hatua inaomba nyingine. Kavu. Kavu. Kavu. Adhuhuri aliona ameikubali foleni nzima, na mng'ataji asiyerudisha mtu atashtukiwa. Kwa hiyo akaamua kurudisha mmoja. Ikamwangukia Thembo, mtu aliyeanika kahawa yake kwenye jua wiki tatu, akiigeuza kama anauguza mgonjwa.

"Mbichi. Rudisha."

"Mzee?" Thembo alisema. "Hii? Ng'ata tena, tafadhali."

Alimng'atia tena, mbele ya watu wote. "Nimesema rudisha."

Thembo alijitwisha gunia lake. Hakutukana. Kosmasi alitamani angetukana.

Alikaa hivyo siku kumi na mbili. Siku moja Kabugho alimwona mumewe ameketi nyuma ya nyumba na punje mkononi, anang'ata na kutema, anang'ata na kutema, kama kuku anayeokota mchanga.

Kisha magunia yalianza kupata homa. Ukiingiza mkono guniani unakuta joto, ukiutoa unanuka uvundo. Lori lilipeleka mzigo Kasese na mzigo ukarudi wote, na ukungu wa kijani juu yake. Yonasani akaitisha mkutano hapo hapo uwanjani, mbele ya ghala, daftari mkononi.

"Kuna watu walileta buni ya moshi kudanganya chama," alisema. "Ya kwanza ni Naome. Afutwe. Asiuze hapa tena."

Ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi kabisa. Kosmasi angetulia tu, angepita.

Naome akainuka. Hakumtazama Yonasani. "Baba Kosmasi," alisema, "mimi nilijua utanirudisha. Mkeka wangu niliuacha nje umetandikwa, nikirudi nianike tena. Nilikuambia mvua ilinisumbua. Nilidanganya wapi?"

Kosmasi alisimama.

"Niletee punje mbili, Ezironi," alisema. "Moja kavu, moja mbichi. Usiniambie ipi ni ipi."

"Mzee, keti tu," Ezironi akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

"Lete."

Alifumba macho. Aling'ata ya kwanza. "Kavu," alisema. Aling'ata ya pili. "Kavu." Akafumbua macho akaona nyuso zao, akajua. Akaokota kijiwe cheupe miguuni pake, akakiweka mdomoni, akang'ata mbele yao wote. Jino halikuvunjika. Hilaire alisema kweli tupu.

"Hata jiwe hili ni kavu," alisema. "Meno haya hayasikii. Naome hana kosa. Thembo hana kosa. Niliwadanganya mimi."

Naome hakufutwa. Kosmasi ndiye aliyeondoka kwenye kiti siku ile, na Ezironi akakalia. Alikuwa na meno mazuri na hakuwa na akili ya meno. Hiyo ilimchukua miaka miwili kuipata, na chama kiliumia nayo.

Kosmasi alimtafuta Hilaire ayang'oe. Chumba cha nyuma ya duka kilikuwa kimejaa vitenge. Walikuwa wamerudi Butembo, akaambiwa. Na baiskeli je? Na baiskeli.

Mwezi wa kumi na moja kahawa yake mwenyewe ilikuwa tayari. Aliianika, akaigeuza, akaitazama rangi. Asubuhi ya kuuza, kabla ya kufunga gunia, alitoa punje ya chini, akafumba macho, akang'ata. Kabugho alisimama mlangoni na kamba. "Kavu," Kosmasi akamwambia. Kabugho alikuwa ameng'ata punje moja jana, na jino lake lilizama. Alimpa kamba, akamsaidia kujitwisha.

Foleni ilikuwa fupi. Ezironi akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, kama alivyoona ikifanywa miaka yote ile. Akamenya. Akang'ata. Akaitema punje kiganjani, akaigeuza kwa kidole.

"Mzee," alisema polepole, akitazama chini. "Rudisha."