Mvua ya lamboni

Mwenyekiti wetu, wazee, akina mama na vijana wa kikundi hiki, leo asubuhi nimesikia mvua chini ya jua kali.

Walikuwa viluwiluwi wa chura.

Kidimbwi kilicho kando ya lambo kinakauka, nao hupanda juu kwa wingi kuvuta hewa. Kila mdomo hutoa mlio mdogo kama wa tone la mvua.

Muda mfupi kabla, chura dume mkubwa alikuwa amemrukia ndama wa Mzee Masanja. Mzee akampiga chura fimbo, chura akafa papo hapo.

"Mwalimu, unamlilia chura?" akanitania.

Nikamwonyesha mfereji. Chura yule alikuwa akiwalinda watoto wake na kuwachimbia njia ya kufika lamboni. Ameuacha nusu.

Mzee alichuchumaa, akaisikiliza mvua ile kwa muda mrefu.

"Kumbe alikuwa kazini," akasema.

Tulijaribu kuuendeleza mfereji kwa fimbo ileile. Udongo ni mgumu, na mlio ulikuwa ukipungua tukiusikia.

Ndugu zangu, Mwenyekiti ameridhia: jioni hii kila kaya ilete jembe moja lamboni. Mzee Masanja ameshaanza kuchimba. Hajaondoka pale tangu asubuhi.