Ubavu wa Kushoto wa Daraja

Mhandisi alimwita mwongo mbele ya vibarua wote, kisha akazifuta kwa soli ya kiatu alama zake za chaki. Kosa la mama wa watu lilikuwa kusikia.

Miaka kumi na sita alikuwa mgonga zege. Shule aliipita kwa nje tu, lakini mpe nyundo: zege zima hulia kwa ukali, lililoachana na nondo zake kwa ndani hulia bubu, kama ngoma iliyolowa. Asubuhi ile boriti ya kushoto na zege la juu yake vililia bubu hatua tisa nzima, naye akapatia alama kwa chaki.

"Mama, hii kazi nimeisomea," alisema mhandisi. "Malori ndiyo yatakayosema."

Malori mawili ya kokoto yakapita katikati ya daraja. Chini, sindano ya kipimo kilichobanwa kwenye boriti ya kati ikasogea, malori yalipotoka ikarudi sifuri. Vibarua wakashangilia.

"Haya, Bi Nyundo, ongea sasa!" mmoja wao akamkejeli.

"Naongea. Katikati hapa nani hupita? Pamejaa mashimo! Kila dereva hukumbatia kushoto, mpaka ukingo umechubuka. Mmeipima njia isiyo na wapitaji."

Mhandisi akaagiza kizuizi kilichofunga daraja kiondolewe, magari yapite. Mama akaketi kitako mbele ya kizuizi, nyundo mapajani.

"Nifukuzeni kazi. Hapa siondoki."

Jua likapanda, foleni ikarefuka, honi zikalia. Mwishowe msimamizi wa kazi akachoka, akaamuru: lori moja, nusu mzigo, upande wa kushoto. Dereva alikuwa mume wa dada wa mama.

"Shemeji, unataka dada yako awe mjane?"

"Polepole kama unabeba mayai. Mlango uache wazi."

Kipimo kikahamishiwa boriti ya kushoto. Lori likaingia, likatoka. Sindano ilisogea mara tatu ya ile ya kwanza, na haikurudi sifuri. Hakuna aliyeshangilia.

Upande ule ukafungwa siku hiyohiyo. Binti yake ndiye aliyemsomea ripoti: "Mhandisi aligundua udhaifu."

Siku hizi mhandisi humsalimia kwa adabu, "Mama, hujambo?" Hujambo anazo za kutosha. Anachomdai ni maneno matatu, hadharani, kwa sauti kubwa kama aliyomtukania: "Mama alisema kweli." Mhandisi hajayatamka.