Fundi Spika na Mafurushi ya Mkwewe

Mtaani walimwita Fundi Spika. Kabla ya kukufungia muziki nyumbani, alisimama katikati ya sebule yako, akapiga kofi moja, akafumba macho kusikiliza mwangwi. Kisha hukumu ilitoka: "Vigae vitupu na pazia jepesi. Hapa spika kubwa itakutoa mbio." Ukimwonyesha amplifaya ndogo uliyotaka kuifungia spika kubwa kama kabati, alikutazama kwa huruma ya daktari. "Itachemka kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio," alisema, na hakuwa anakosea.

Ila sebule yake mwenyewe ilimshinda. Miaka tisa! Alibadilisha amplifaya mara nne, akahamisha spika kila ukuta, moja ikawahi kuishi mlangoni mwa choo, na bado besi ilivuma kwenye kona ya dirisha kama nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Bingwa wa sebule za watu alikuwa anaumbuka kwake.

Hapo ndipo alipofika mama mkwe, kusalimia siku tatu tu, na mafurushi saba ya nguo na magodoro mawili. Yote yakarundikwa kwenye kona ile mpaka karibu na dari. Siku tatu zikawa wiki sita. Mama alikoroma mchana kutwa, alificha rimoti, na spika aliziita "makabati yako." Fundi alinuna chinichini, maana mkwe hanuniwi waziwazi.

"Mama anaondoka lini?" alimnong'oneza mkewe kila asubuhi, kwa sauti ambayo, kwa mtu wa kazi yake, hakuipima vizuri.

Jumapili moja mchana, mama akiwa ametoka, Fundi aliweka wimbo. Akaganda. Besi ilikuwa imetulia, nene na safi. Mwimbaji alisimama katikati ya chumba utadhani ataomba maji ya kunywa. Akapiga kofi. Mwangwi haukurudi. Mtu mzima machozi yakamtoka. Alipogeukia kona ya dirisha akaelewa: mafurushi na magodoro yalikuwa yamemeza vurugu yote.

Mlango ukafunguliwa.

"Mwanangu, nimekata tiketi," mama mkwe alisema. "Kesho asubuhi nawaondokea na mizigo yangu. Masikio ninayo. Najua nimewachosha."

Fundi alipiga magoti pale pale. "Mama, usiondoke! Nakuomba sana. Tangu uje, nyumba hii imetulia."

Mama alijitupa kitini. "Nina wakwe wanne," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniambia nibaki."

Akalia. Fundi aliona aibu ikimpanda hadi masikioni, akakosa pa kuficha uso.

"Basi nabaki," mama alisema akipangusa macho. "Na kama hapa ni kwangu, mizigo ya safari ya nini? Nguo na magodoro nampa jirani, leo leo. Shika upande huo, mwanangu."

Mkewe, aliyemjua mumewe nje ndani, alijiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Fundi alikwenda na kurudi mara tisa na mizigo kichwani, huku mama akimtangazia kila mpita njia kwamba mkwe mwenye mapenzi kama huyu hajapata kumwona.

Jioni besi ilivuma kuliko zamani. Mama alisogeza kiti karibu na spika, akamshika Fundi mkono.

"Ongeza sauti, mwanangu. Nimeanza kuupenda muziki wako."

Akaongeza.