Maduka Yaliyobaki Mekundu

Daktari aliniambia niachane na rangi, kwamba kifua changu hakitavumilia tena harufu yake. Nilikuwa nimechora mabango ya maduka tangu ujana, kutoka mtaa wa Gatwekera hadi mtaa wa Kawangware, na kazi nyingine sikuijua. Ndiyo maana, mtu mzima mwenye watoto watatu, nilijiandikisha kwenye chuo cha kompyuta cha mama mmoja mwenye plot nyingi za kupangisha Kawangware. Kilikuwa na mashine nne, pazia, na mwalimu msichana mdogo ambaye angeondoka mwisho wa mwezi. Mama alikuwa akitafuta wa kushika nafasi yake. Niliitaka nafasi hiyo hadi usingizi ukanipaa.

Ili anipime, mama aliniagiza nimtengenezee ukurasa wa wavuti wa kutangaza plot zake. Niliufanya kama mabango, kila sehemu peke yake, kwa madaha. Vyumba vya familia vilipata jina lao katika faili la staili, lile linaloamua rangi na sura ya ukurasa, maduka jina lao, stoo jina lao, hadi majina yakawa manane. Chini ya kila jina niliandika upya mambo yale yale: rangi nyekundu, herufi nene, mstari pembeni. Nilijiona bingwa kwelikweli.

Asubuhi moja mama akaja, akatazama, akasema anataka kijani, rangi ya mageti yake. Nilibadilisha jina baada ya jina, jasho likinitoka. Akainamia skrini.

"Wee fundi, kwani maduka yangu yamekosa nini?"

Yalikuwa bado mekundu; jina lao nilikuwa nimeliruka.

"Naenda soko. Nikirudi nikute imeisha," akasema, akatoka.

Nikamgeukia yule msichana. "Madam, nimeshindwa. Nifundishe."

Alinicheka, lakini kidogo tu. "Sasa fundi, hizi zote si zinavaa nguo moja? Panga majina kwa line moja, weka koma katikati, halafu hiyo rangi uiandike mara moja tu. Ni kama plot, milango nane, mfereji mmoja wa maji. Yenye iko na kitu yake pekee, iandikie hiyo tu huko chini."

Nilifuta mistari yangu kwa uchungu, maana niliipenda. Nikayapanga majina alivyosema, kisha nikabadilisha neno moja, na sehemu zote nane zikageuka kijani kwa pamoja. Nilipiga kelele kama mtoto. Msichana yule, Mungu ambariki popote alipo, akanipigia makofi.

Mama akaingia. Nikamwonyesha, na nikamwambia ukweli kwamba mwalimu ndiye aliyenionyesha njia.

"Najua. Soko sijaenda," akasema. "Nimekuwa hapo dirishani tangu nitoke. Mwanaume mzima kuambia msichana 'nifundishe', hiyo sijawahi ona hapa kwangu. Madam akienda, hawa watoto wa watu wanaosoma hapa nitakuachia wewe."

Nilimwambia asante, nikaketi tena mbele ya mashine.