Rangi Mbichi Chumba cha Tisa

Shangazi yangu alikuwa nesi hadi alipostaafu, na tangu hapo ni mkaguzi wa kujitolea wa gereza la mjini. Halipwi hata nauli. Ana daftari, miwani iliyofungwa uzi, na ulimi usiojua kubembeleza mtu.

Kila ukaguzi lazima utanguliwe na barua ya siku saba. Siku saba zinatosha kupaka rangi gereza zima, kwa hiyo kila mara alirudi akinuka rangi na kufoka, "Leo tena wamenionyesha kiini macho!"

Kisha tume huru ikapendekeza wakaguzi waingie bila taarifa, na redio ikatangaza kwamba serikali imekubali. Shangazi alipiga vigelegele peke yake jikoni. Hata kwenye harusi yangu hakupiga.

Wiki hiyo, katika ukaguzi ambao barua yake ilikuwa imeshatumwa, alimkuta fundi viatu anayekohoa damu katika chumba cha tisa. Mkuu wa gereza alidai ni mafua tu, na mfungwa haruhusiwi karatasi ya kuweka kumbukumbu. Shangazi akainama akamnong'oneza.

"Mwanangu, kila ukitema damu, kwaruza mstari ukutani, nyuma ya kitanda. Nikija nikaiona mistari hiyo, wakatae kukupeleka hospitali tuone."

"Si watapaka rangi, mama?"

"Safari ijayo nakuja bila barua. Watapaka saa ngapi?"

Baadaye majibu ya serikali yakatoka kwa maandishi, kurasa arobaini. Shangazi aliyasoma kwa kidole mpaka pendekezo la saba: *Limekubaliwa kimsingi. Utaratibu wa sasa utaendelea hadi kanuni zitakapoandaliwa.*

"Kimsingi ndiyo lini?" aliniuliza. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alikwenda hivyo hivyo, bila barua. Getini wakampiga danadana asubuhi nzima, kisha wakamrudisha. Ikabidi aandike barua, na kwa siku saba hakula chakula cha maana.

Alipoingia, chumba cha tisa kilikuwa cha bluu kote, na kitanda kitupu.

"Amehamishwa," mkuu wa gereza alisema.

"Wapi? Hospitali?"

"Andika ombi, mama, utajibiwa."

Shangazi alipiga magoti, akapitisha kiganja nyuma ya kitanda. Mikwaruzo ilikuwepo, ila rangi mbichi ilikuwa imeijaza na haikuhesabika. Akasimama, akatoa fomu ya ukaguzi, na penye swali la hali ya chumba akakandamiza kiganja kile cha bluu. Akamkabidhi mkuu wa gereza.

Nyumbani alilia kama mtu aliyefiwa. "Nimempa tumaini la uongo. Ningemwachia hata kipande cha karatasi kwenye soksi. Mimi, mjinga mimi, nikaamini redio."

Ombi lake halijajibiwa hadi leo. Fomu ndiyo iliyorudi, baada ya wiki mbili, ikiwa na mhuri na mstari mmoja wa mwandiko mzuri: *Fomu imechafuka. Tafadhali jaza upya.*